Eti "kijana wa Excel"! Wakuu, leo nimedharauliwa mbele ya wageni na sinyamazi

Mlinzi wa Kanzidata ameandika:

Wakuu salaam. Nimetoka kikaoni nusu saa iliyopita, mikono bado inatetemeka na chai imenishinda. Naandika nikiwa nje chini ya mwarobaini, maana nikirudi ndani nitatamka neno ambalo mke na watoto watalilipia mwisho wa mwezi.

Nimeitwa "kijana wa Excel".

Mbele ya wageni! Wageni sita, wamekuja na treni ya asubuhi kutoka Dar, kila mmoja na daftari lake na kalamu yake. Mimi, miaka kumi na moja kwenye kazi hii ya kutunza kanzidata, yaani hazina ya taarifa zote za ofisi, nina mvi upande wa kushoto ambazo zote zimeletwa na seva. Bosi anatambulisha watu, anafika kwangu: "Na huyu ni kijana wetu wa Excel, anatusaidia mafaili-mafaili." Halafu akapunga mkono hivi, kama mtu anayefukuza nzi kwenye bakuli la mlenda.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Hapa Dodoma, kuanzia Mtumba mpaka Area D, hakuna ofisi isiyo na wa aina yake: simu mbili mezani, barua pepe anasomewa. Ndiye aliyeniomba mwaka jana nimwekee kanzidata nzima kwenye fleshi "akaipitie nyumbani". Ndiye ambaye wino wa printa ukiisha ananipigia mimi, hata nikiwa msibani. Yote hayo nilimeza. La leo limekwama kooni kama mfupa wa perege.

Sasa sikieni kilichotangulia. Ijumaa usiku, saa nane na dakika kumi na mbili, simu inaita. Kuna bwana mdogo mmoja, naye simtaji, ila ni mpwa wa huyo wa kwanza, kaingia kwenye mfumo kubadilisha namba ya simu ya mteja. Mteja mmoja! Kaandika UPDATE, yaani amri ya kubadilisha, lakini WHERE, yaani sehemu ya kutaja ni mteja yupi, hakuweka. Kwa wasioelewa, ni sawa na kumwambia fundi apake rangi mlango wa Mama Neema, asitajiwe ni mlango upi, akapaka mtaa mzima wa Kisasa pamoja na mbuzi. Wateja zaidi ya laki mbili wakawa na namba moja ya simu. Yaani ujumbe wote wa malipo unamiminika kwa mama mmoja wa Kondoa aliyejilalia zake.

Nikadandia boda kutoka Iyumbu. Upepo wa Agosti mnaujua, unakata masikio. Kufika, nikafunga mlango wa mfumo kwa wote. Nikaichukua bakapu, yaani nakala ya akiba, ya saa sita usiku, nikaisimamisha kwenye seva ya pembeni, nikaanza kuirudishia kumbukumbu za miamala moja moja kwa mpangilio wake hadi sekunde moja kabla ya ile amri. Hapo ndipo roho inaposimama, wakuu. Ukipitiliza kidogo, unarudisha na uharibifu wenyewe. Ukisimama mapema, aliyejisajili usiku huo unampoteza. Nilipoufikia mstari nikazitoa zile namba za simu peke yake, nikazipeleka kwenye mfumo wenyewe, nikalinganisha mteja kwa mteja. Jumamosi saa nne asubuhi kila kitu kimekaa mahali pake. Hakupotea hata mtu mmoja. Na kwa kuwa hakupotea mtu, hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na jambo.

Na Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya mavuno yangu. Nina nusu eka ya zabibu Mpunguzi, aina ya Makutupora nyekundu. Sinywi, sibeti, starehe yangu ni ile. Nikishika mkasi wa kupogolea kati ya mistari ile ya nyaya, kichwa kinapoa kama maji ya mtungi. Vibarua wamevuna tangu alfajiri, mnunuzi kaja na gari saa mbili, kanisubiri, kaniponda kwa simu, kaondoka. Kreti arobaini zimebaki chini ya mti, nyuki wanafanya sherehe.

Nimeyaacha hayo kwa ajili ya ofisi. Jumatatu, ambayo ni leo, naambiwa Excel.

Excel! Karatasi moja ya Excel inaishia mstari wa 1,048,576. Jedwali letu la miamala limepita milioni tisa. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipoandika kwamba data ikae kwenye majedwali yanayohusiana, na mtumiaji asilazimike kujua imehifadhiwaje ndani ya mashine, hiyo Excel ilikuwa bado miaka kumi na tano izaliwe! Halafu "kijana wetu". Kijana wa nani? Mimi na yeye tumepishana miaka minne! "Mafaili-mafaili"! Na ule mkono wa nzi. Ule mkono, wakuu. Nikifumba macho nauona.

Kibajaji cha Nkuhungu:
Pole sana kijana wa Excel.

Mtoto wa Chamwino:
Kijana wa Excel, samahani kwa usumbufu, nina orodha ya michango ya harusi ya dada, haitaki kujumlisha. Nikutumie?

Mama Kreti:
Jamani mwacheni mwenzenu, ameumizwa. Ila kijana, hapo kwenye mbuzi wa Kisasa nimecheka hadi mteja kaniacha.

Mlinzi wa Kanzidata:
Mnacheka. Nyie hamkuuona ule mkono. Mgeni mmoja aliandika kwenye daftari! Nina hakika kaandika "Excel".

Seva Baridi:
Mkuu, hawa wanaocheka hawajui Excel inaua. Uingereza, mwaka 2020 kipindi cha korona, walikuwa wanapokea majibu ya vipimo na kuyapitisha kwenye mafaili ya Excel ya mfumo wa zamani, ule unaoishia mstari wa 65,536. Yaliyozidi yakakatwa kimya kimya. Wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kwa zaidi ya wiki, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Hilo ndilo ungemjibu palepale mbele ya wageni.

Mlinzi wa Kanzidata:
Ahsante mkuu! Walau mmoja amenielewa. Ningemjibu, lakini ulimi ulikauka. Akipunga mkono vile unabaki umeduwaa tu.

Kibajaji cha Nkuhungu:
Swali dogo. Iyumbu mpaka mjini saa nane usiku boda alikutoza ngapi?

Mlinzi wa Kanzidata:
Elfu nane. Sasa hilo linahusiana nini na uzi?

Kibajaji cha Nkuhungu:
Elfu nane! Ulipigwa mchana kweupe usiku. Ungenipigia mimi.

Mtoto wa Chamwino:
Nyie wa vyombo vya moto ndio mnaoua mji huu. Juzi nimeshuka stesheni na begi moja na mtoto mgongoni, dereva ananiambia bei ya mgeni. Nikamsalimia "mbukwenyi", bei ikashuka nusu papo hapo. Sasa asiyejua Kigogo afe?

Dada wa Dawa:
Turudi kwenye dharau kidogo. Mimi ni mfamasia. Miaka minne chuo, mwaka wa mazoezi, mtihani wa bodi. Hapo mtaani Chang'ombe naitwa "dada wa panadol". Mtu anaingia dukani ananisemesha kwa kunyoosha kidole kwenye shelfu kama ananunua pipi, nikimuuliza kama ana presha ananijibu "we nipe tu, dada wa panadol, usijifanye daktari". Huyo wako kakuita mara moja. Mimi naitwa kila siku, na mama mkwe naye ameanza.

Mlinzi wa Kanzidata:
Pole dada. Lakini mtaani si mbele ya wageni wa kiofisi wenye madaftari.

Dada wa Dawa:
Mbele ya mama mkwe ni zaidi ya wageni mia.

Kamba na Kigingi:
Dada umesema. Mimi ni mpima ardhi, tangu mji huu uwe jiji mwaka 2018 sijalala kwa viwanja. Kifaa ninachobeba begani kinaongea na setilaiti. Mzee mmoja Ihumwa alimwita mkewe: "Mletee maji huyu mshika kamba." Kamba sijashika mwaka wa sita huu! Na bado akasogeza kigingi usiku.

Mama Kreti:
Huyo mzee wa Ihumwa ana baraghashia na baiskeli nyeusi? Namjua huyo! Aligombana na kaka yangu.

Kamba na Kigingi:
Ndiye!

Seva Baridi:
Na huyo bosi wa mleta uzi, si ndiye aliyekuwa kwetu zamani? Wa "nichapishie hii intaneti nikaisome"?

Mlinzi wa Kanzidata:
Simtaji mkuu. Lakini hiyo ya kuchapisha intaneti, sikatai.

Mzee wa Mistari:
Kijana, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Mimi nina zabibu Hombolo tangu wewe hujaanza shule, na katika maelezo yako yote marefu jambo la maana ni moja, nyie mnalipita. Kreti arobaini zimekaa nje siku ngapi?

Mlinzi wa Kanzidata:
Shikamoo mzee wangu, niwie radhi. Tangu Jumamosi. Jana nimeuza ishirini na mbili barabarani kwa bei ya kutupa, nilikuwa nalia moyoni. Hizo nyingine zipo banda la jirani, kivulini.

Mzee wa Mistari:
Barabarani! Na huyo mnunuzi aliyeondoka, alikuja na kipima sukari?

Mlinzi wa Kanzidata:
Alikuja nacho mzee. Vibarua wanasema alipima tunda moja la mstari wa pembeni, pale kwenye kivuli cha mbuyu, akatikisa kichwa.

Mzee wa Mistari:
Ndivyo wanavyofanya! Anapima kishada cha kivulini, anakwambia sukari haijafika, bei inaanguka, halafu kesho anarudi na gari lingine anachukua yote kama msaada. Msimu uliopita kanifanyia hivyohivyo. Nilimpeleka kwa mkono hadi katikati ya shamba, nikamwambia pima hapa, kwenye jua. Akasema betri imeisha. Kile kifaa cha kuchungulia kwenye mwanga, kina betri wapi?

Mama Kreti:
Mzee shikamoo. Betri! Mimi nauza zabibu Majengo sokoni, huyo dalali namjua kwa harufu ya gari lake. Kwangu alisema kreti zake ndizo za kipimo halali, zangu "zimevimba".

Mtoto wa Chamwino:
Zimevimba kama tumbo la bosi wa mleta uzi.

Mlinzi wa Kanzidata:
Ndiyo, turudi kwake. Yaani mpaka sasa hajaomba radhi. Amepita hapa mwarobainini akanisalimia kama hakuna kilichotokea, halafu mkono akaufanya vilevile...

Mzee wa Mistari:
Tulia kwanza kijana. Zilizobaki zina ukungu?

Mlinzi wa Kanzidata:
Hazina mzee. Vishada vya juu vimeanza kulegea, vya chini bado vigumu.

Mzee wa Mistari:
Zilizolegea zitandaze kwenye chekeche juu ya vichanja, funika na neti ndege wasile, zikauke taratibu. Zabibu kavu haziozi wala hazimsubiri dalali. Ngumu uza leo, usilale nazo.

Kamba na Kigingi:
Mzee, na neti hiyo inauzwa wapi? Mimi ndege wamenimalizia mtama wote wa shamba dogo.

Mama Kreti:
Neti usinunue mjini, wanakupima kwa dhiraa ya mtoto. Nenda mnadani Msalato Jumamosi.

Dada wa Dawa:
Kwa hiyo dada wa panadol ameshasahaulika hivyo?

Mama Kreti:
Subiri dada. Kijana wa Mpunguzi, zilizo ngumu zimebaki kreti ngapi?

Mlinzi wa Kanzidata:
Kumi na moja. Saba ndizo zilizolegea.

Mama Kreti:
Usimuuzie mtu mwingine. Kibajaji cha Nkuhungu, kutoka Mpunguzi hadi Majengo na kreti kumi na moja, bei ya mwenyeji?

Kibajaji cha Nkuhungu:
Mbukwenyi mama. Nipo njiani.