Kikombe cha Japani chenye picha ya mwanamieleka: huyu ni nani?

Mama Vyombo, Lindi mjini

Habari za jioni ndugu zangu. Nauza vyombo vya mtumba hapa sokoni Lindi. Juzi nilifungua boksi la vyombo vya Japani, na katikati ya bakuli na visahani nikakuta kikombe ambacho roho imekataa kukipanga na vingine. Ni kirefu, kizito mkononi, hakina sikio kama vikombe vya kahawa ya barazani, ila kinachukua chai mara tatu yake.

Upande mmoja amechorwa mwanamume kifua wazi, nywele kazifunga utosini. Kiunoni ana kamba nyeupe nene kama ya kufungia jahazi, na vikaratasi vyeupe vimening'inia mbele vimekunjwa kama radi. Si mnene kama nilivyozoea kuwaona wacheza sumo, ile mieleka ya Kijapani, kwenye televisheni. Huyu ana mabega ya wale vijana wanaopakia magunia ya korosho bandarini Mtwara. Upande wa pili kuna herufi 5 nyeusi, nene, zimeshuka toka juu hadi chini. Ya katikati ni nyepesi kuliko zote, imejizungusha kama konokono.

Mteja wa kwanza kanitajia 3,000. Wa pili kasema 10,000 kabla hata hajakigeuza, na hapo nikakifunga kwenye gazeti. Sitaki kudhulumu wala kudhulumiwa. Huyu ni nani? Na ni cha kunywea au pambo?

Mwalimu, Masasi

Dada, angalia vizuri kabla hujapandisha bei. Mimi nilinunua cha aina hiyo, kirefu na herufi nene kila mahali, nikaambiwa ni cha sumo. Kumbe ni vile vya migahawa ya sushi, chakula chao cha wali na samaki, yale maandishi yote ni majina ya samaki! Tazama kama kila herufi ina kipande kilekile upande wa kushoto. Kipande hicho ndicho "samaki".

Baharia Mstaafu, Mikindani

Mwalimu amesema kweli, vya samaki vipo vingi na wengi wamechanganya. Lakini chako, mwanangu, kina mtu mwenye kamba, na kamba ile haivaliwi na yeyote ila yokozuna, yaani aliyefika ngazi ya juu kabisa. Huivaa anapoingia ulingoni kwa ile sherehe ya kujitambulisha. Kupigana hapigani nayo.

Nimefanya kazi melini miaka mingi. Vikombe vya sumo ninavyo 4 kabatini, mbali na mikono ya wajukuu, na kila kimoja najua nilikipata bandari gani. Wajapani huviita yunomi, vikombe vya chai ya kila siku. Vingine vina orodha ndefu ya majina ya wapiganaji, vingine vimeandikwa mbinu za kuangusha, ambazo rasmi ni 82. Chenye mtu mmoja na jina lake peke yake kimetengenezwa kumuenzi huyo.

Sasa hesabu zako. Herufi 5, ya tatu imejikunja kama konokono: hiyo husomwa "no". Jina la yokozuna Chiyonofuji huandikwa hivyohivyo. Hakikisha na ya mwisho: msalaba uliosimama juu ya mstari mfupi. Angekuwa Taiho au Hakuho, yokozuna wengine, ungeona herufi 2 tu.

Na mabega uliyoyaona ndiyo yaliyonifanya nisome ujumbe wako mara mbili. Chiyonofuji alikuwa na uzito wa kama kilo 120, mdogo mbele ya wenzake. Bega lilikuwa likimtoka mara kwa mara, akalijengea misuli kwa pushapu, mamia kila siku. Akawa yokozuna mwaka 1981, akachukua ubingwa mara 31, na mwaka 1988 akashinda mapambano 53 mfululizo. Alistaafu 1991, akafariki 2016. Baba yake alikuwa mvuvi kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Nikikaa hapa Mikindani nikaona watoto wanavuta nyavu na baba zao, namkumbuka.

Hata unene wa zile herufi una maana. Zinabanana zisiache upenyo, ni dua ya ukumbi kujaa watu.

Kinywee chai, ndiyo kazi yake. Kioshe kwa sponji laini, stilwaya usiiguse. Ukiona ufa, usitie maji ya moto.

Kijana wa Newala

Mzee wangu shikamoo. Mwafrika aliwahi kufika huko?

Baharia Mstaafu, Mikindani

Marahaba. Yupo Mmisri, jina la ulingoni Osunaarashi, maana yake dhoruba kubwa ya mchanga. Ni wa kwanza kutoka Afrika katika sumo ya kulipwa, akafika daraja la juu 2013. Mashindano ya Julai yalipoangukia Ramadhani alifunga na kupigana. Mwaka 2014 aliwaangusha yokozuna 2, Kakuryu na Harumafuji. Yokozuna hakuwa, lakini kikombe chake nikikiona popote nanunua bila kuuliza bei.

Mama Vyombo, Lindi mjini

Shikamoo baba, na asante Mwalimu. Nimekitoa kwenye gazeti nikakitazama mbele ya taa. Ya mwisho ni msalaba juu ya mstari, kama ulivyosema. Ufa hakina, ila ukingoni kimebanduka padogo, ukubwa wa punje ya mchele.

Yule wa 10,000 kapita leo asubuhi. Nimemwonyesha pale palipobanduka, nikamsimulia habari za mtoto wa mvuvi na lile bega. Kaacha 5,000 ya kutangulia, kasema nyingine analeta Ijumaa. Mpaka siku hiyo nakinywea mimi, chai ya tangawizi. Kinakaa na moto kweli.