Mrejesho: vipepeo wamekuja, ila mndimu umeliwa

Wakuu nimerudi. Niliuliza nipande nini uani hapa Tanga ili vipepeo waje, maana nilikuwa na mawaridi na zinia chache, wanapita tu kama daladala iliyojaa. Mmoja wenu akaniambia maua ni hoteli tu, wanataka na pa kutagia, weka mndimu. Nikamcheka kimoyomoyo ila nikanunua mche nikauweka karibu na bomba. Baada ya wiki kadhaa naona majani yameliwa na juu yake kuna vitu kama mavi ya ndege, nikachukua dawa ya wadudu nipulize, bahati mama watoto akasema we ngoja kwanza hivyo vitu mbona vinatembea. Kumbe ndo viwavi wenyewe! Wakikua wanakuwa kijani, ukimgusa anachomoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa hapo nyuma ya kichwa, na harufu yake sasa, balaa. Juzi asubuhi mmoja katoka kwenye kifuko, mweusi na madoa ya njano, kakaa weee anakausha mabawa ndo akaruka. Mndimu umebaki vijiti ila unachipua. Dawa nimeificha stoo.