Mtoto wa miezi 20 hajatembea: tathmini huanzia wapi?

Swali: Habari zenu. Mwanangu ana miezi 20, hatembei wala hatamki neno, na tumeitwa na timu ya afya ya jamii. Watapima nini?

Jibu: Pole, mzazi mwenzangu. Kutotembea kufikia miezi 18 ni sababu tosha ya kuchunguzwa. Daktari atauliza habari za ujauzito na uzazi, atapima mzingo wa kichwa na mkazo wa misuli, kisha ataangalia anavyocheza. Sisitiza apimwe usikivu, kwani mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema hata kama hana tatizo jingine.

Jibu: Mazoezi ya viungo na ya lugha hayangoji jina la ugonjwa. Nenda na video fupi za nyumbani, maana watoto wengi (wangu akiwamo) hugoma mbele ya mgeni.

Muulizaji: Ahsanteni, masikio sikuyafikiria kabisa.