OptiPlex 7010 ya kuhariria harusi: kadi, prosesa au pawasaplai kwanza?

Mpiga_Picha_MLD
Salaam wanabaraza. Niko Malindi, nahariri video za harusi. Mashine ni Dell OptiPlex 7010 ya 2012, ile kubwa ya kusimama: i5-3470, RAM GB 8, SSD ninayo. Zamani ilinitosha kabisa. Tangu nianze kurekodi kwa simu na kamera mpya, klipu zinakwamakwama, na wenye harusi wanataka video kabla hina haijatoka mikononi. Bajeti ni 30,000. Kuna jamaa ananiuzia kadi ya grafiki, RX 580 ya mtumba kwa bei poa. Niichukue, au niende prosesa ya i7-3770, au nianze na pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme?

Fundi_Barani
Kaka, usimpe hela bado. RX 580 inakula wati 185 na inataka waya wa pini 8. Pawasaplai ya Dell uliyonayo ni wati 275 na waya huo haina. Utauziwa adapta ya kuunganisha kwenye waya za SATA, zile za diski. Nimezitoa hizo kwenye mashine za watu, plastiki imekuwa rangi ya kahawa na imegandia kwenye soketi hadi uing'oe kwa koleo.

Halafu tatizo lako hasa ni aina ya video. Simu na kamera nyingi za siku hizi hurekodi HEVC, yaani video iliyobanwa sana, na grafiki ya ndani ya i5-3470 haiwezi kuifungua, kwa hivyo mzigo wote unaangukia viini vinne vya prosesa. Tafuta kadi ya GTX 1650 ya wati 75, ile isiyo na tundu la waya. Inavuta umeme kwenye sloti yenyewe na HEVC inaifungua. i7-3770 ni wati 77, sawasawa na i5 yako. Ukijumlisha 77 na 75 ni 152; weka madabodi, diski na feni, bado uko chini ya 275. Pawasaplai haiguswi.

Chai_ya_Rangi
Na GTX 1050 Ti? Nayo ni wati 75, na ni rahisi.

Fundi_Barani
Inafanya kazi, lakini ni ya 2016 na Nvidia wameshaitoa kwenye draiva mpya, imebakiziwa marekebisho ya usalama tu. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, 1650. Ukionyeshwa RX 6400 pita nayo mbali: haina kifaa cha kusimba (kubana) video, kwa hivyo wakati wa kutoa kazi ya mwisho unarudi kulekule kwenye prosesa.

Binti_Shela
Mimi sikubaliani na hii safari nzima. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi cha tatu kama hiyo i5-3470. Kwa nini umwage pesa humo? Tafuta OptiPlex 7060 ya mitumba yenye i5-8500: viini sita, Windows 11 inaikubali, na grafiki yake ya ndani inafungua HEVC hata ya biti 10 (yenye vivuli vingi zaidi vya rangi) bila kadi yoyote. Ukiulizia dukani sema mwaka au kizazi cha prosesa. Dell walirudia jina la 7010 mwaka 2023, na kuna watu wanauza kwa mkanganyiko huo.

Mwana_Amu
Binti Shela kasema kweli, ila huyu ana harusi wiki hii, si mwakani. Nunua kitakachohama nawe. GTX 1650 utaichomoa uiweke kwenye 7060, ile kubwa ya kusimama. i7-3770 na RAM za DDR3 haziendi popote.

Kuhusu pawasaplai, ukija kununua siku moja: sisi huku Amu kila kitu kinavushwa kwa boti kutoka Mokowe, kurudisha kitu kibovu ni balaa, kwa hivyo nasoma kibandiko kabla sijalipa. Achana na herufi kubwa "500W". Tazama mstari wa 12V, zidisha ampea kwa 12. Ikiwa 38A hiyo ni wati 456, sawa. Nimeshaona ya "500W" yenye 16A, yaani wati 192, chini hata ya hiyo Dell yako. Na kama mashine iko dirishani panapoingia upepo wa bahari, fungua utazame meno ya RAM na sloti ya kadi. Ukiona ukijani, sugua meno kwa kifutio cha penseli, kisha spiriti. Kukwama kwingine ni chumvi tu.

Mpiga_Picha_MLD
Ahsanteni. Basi 580 nimeiacha. Swali moja: kamera yangu inarekodi HEVC 4:2:2 biti 10, ile inayohifadhi rangi kwa undani zaidi. 1650 itaimudu?

Fundi_Barani
Hapo hapana. 1650 haifungui HEVC ya 4:2:2, na i5-8500 vilevile. Za simu, ambazo kwa kawaida ni 4:2:0 (rangi zimepunguzwa zaidi), zitateleza, za kamera tengeneza nakala nyepesi, hariri kwa hizo, mwisho programu irudishe zile asili. Au ibadilishe kamera irekodi 4:2:0. Kwa harusi ya ukumbini hakuna atakayejua.

Mpiga_Picha_MLD
Nachukua 1650 na kijiti kimoja cha RAM ya 8, cha mtumba. i7 naiacha. Kinachobaki naanza kuwekea 7060.

Binti_Shela
Kabla ya kuchomeka kadi, sasisha baiosi (programu inayoiwasha mashine) ukiwa na UPS. Stima ikikatika katikati utakuwa huna mashine kabisa.