Namba ya biashara "ya bure": mteja anakatwa, na mimi nakatwa. Nani hapa anapiga bure?

Wakuu habari za humu. Mods naomba uzi ukae hapa hapa, msiupeleke jukwaa la teknolojia, kule wafanyabiashara hawapiti.

Nauza gesi ya mitungi pande za Tabata, boda zangu zinapeleka mpaka Segerea, Kinyerezi, Buguruni. Kwenye gesi simu ndo duka lenyewe. Mtu gesi imemkatikia maharage yakiwa jikoni, hana muda wa kutafuta kurasa zako mtandaoni, anaangalia staika kwenye mtungi anapiga. Ukimzingua kidogo tu anapiga ya mtungi wa jirani na huyo ndo kashaenda.

Sasa akaja kijana wa mauzo wa kampuni moja inayouza hizi namba maalum za biashara (jina siweki, wenye nao mnawajua), kachomekea vizuri, akamwaga sera: bosi, namba ya 07 inakuonyesha kama mtu wa mtaani, ya 022 inasema uko Dar tu, chukua 0800, hii haina mkoa, mteja apige toka Mbagala apige toka Bukoba hakatwi hata senti. Nikamuuliza kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, mtandao wowote? Wowote bosi. Na mimi nalipa nini? Ada ya mwezi tu bosi, kidogo sana. Kwa ulimi ule angeweza kumuuzia samaki maji ya bahari.

Staika zikachapwa, boksi za boda zikaandikwa upya, neno BURE kubwa jekundu.

Kuja kutahamaki, mama mmoja wa pale Buguruni, mteja wangu wa siku zote, anapika chakula stendi, ananipigia kwenye laini yangu binafsi kwa hasira: "Baba Nasra mmeanza wizi lini? Mmeandika bure, nimepiga nimeongea na kijana wako, salio langu limeisha lote, na bando la dakika ninalo!" Nikachukua laini za vijana dukani nikajaribu moja moja. Mtandao mmoja kweli bure. Wa pili inaita fresh, inapokelewa, ila inakata salio la kawaida na bando haliguswi. Wa tatu ndo kabisa, dada wa mashine anakwambia namba unayopiga haipo. Haipo! Nimelipia staika za namba ambayo haipo!

Nikaanza kufuatilia mwenyewe maana yule kijana wa mauzo simu zangu alishaacha kupokea. Iko hivi wakuu, na haya ndo alitakiwa kuniambia siku ya kwanza. Namba ya 0800 haina laini yake, ni kama jina tu, ukiipiga mtambo unaigeuza kwenda kwenye namba halisi iliyojificha nyuma, inaweza kuwa ya 022 au ya 07. Ili mpigaji asikatwe lazima mtandao ANAOPIGIA ukubali kuifungua hiyo namba na kumdai mwenye namba badala ya mpigaji. Yule anayekuuzia asipokuwa na makubaliano na mtandao fulani basi huko ama haiendi ama mteja analipa. Kwa hiyo "bure" yake ilikuwa bure ya mtandao mmoja, na hilo alikuwa analijua wakati ananiangalia usoni.

Na msiniambie haiwezekani kiufundi. 112 inaenda bure, 114 ya zimamoto inaenda bure, 116 ya watoto inaenda bure mtandao wowote. Wakitaka wanaweza.

Haya tuje kwenye invoisi, hapa ndo damu ilinichemka. Ada ya mwezi ipo, ndogo kama alivyosema, chini yake kuna mstari "dakika zinazoingia". Yaani kila anayepiga mimi ndo nalipa. Sawa, ndo maana ya 0800, mtu lazima alipe, sibishi, lakini kwanini lisisemwe mdomoni wakati wa kuuza? Halafu angalia wanavyohesabu: simu ya sekunde 9, mtu kakosea namba kasema samahani kakata, imeandikwa dakika 1. Mtoto kachezea simu ya mama yake, dakika 1. Na ule muda mteja anasikiliza "karibu, kwa Kiswahili bonyeza moja" na muziki, nao nalipia, na menyu yenyewe waliiweka wao sikuiomba! Juu ya yote 18% ya VAT ambayo kwenye maongezi ya bei haikuwepo.

Nikawauliza dakika yenu mbona ghali kuliko mimi nikipiga kwa vocha ya kawaida, jibu eti gharama za mwingiliano wa mitandao. Hapo walimkuta mtu kasoma. Viwango vya mwingiliano vinapangwa na TCRA (mamlaka ya mawasiliano), mwaka 2018 mtandao ulikuwa unaulipa mwenzake shilingi 15.60 kwa dakika, vikawa vinashuka kila mwaka mpaka 2022 ikawa shilingi 2. Shilingi mbili! Najua 0800 mahesabu yake yanageuka, mtandao wa mpigaji ndo unadai, lakini msitumie neno hilo kama kichaka cha kujifichia.

Kuna mengine ambayo mtu wa mauzo hawezi kukwambia kwa sababu hajawahi kuuza hata karanga. Mteja wa Bongo akishaiona namba yako anataka mambo matatu, kupiga, whatsapp, na kutuma hela. Anaandika ile namba kwenye simu kutuma hela asubiri jina litokee, jina ndo linampa imani. 0800 haina jina, haipokei hela. Whatsapp yangu yenyewe haipo kule. Wa kubip nao, wakibip, kwenye simu ya kijana wangu wa dukani linatokea linamba refu la mtambo, hajui ampigie nani.

Na wale watoto walioko nje wanaomnunulia mama gesi Tabata, hao walikuwa wateja wazuri sana. Ukiwa nje ya nchi 0800 ya kwetu haikupeleki popote, hata uweke +255 mbele. Shemeji yangu yuko Uingereza alihangaika nayo wee mwisho akapiga kwa dada.

Huyo shemeji ndo kanieleza kwao, na kwao pia ilikuwa vurugu. 0800 yao ilikuwa bure kwa simu ya mezani, ya mkononi unakatwa, mpaka Julai 1, 2015 ndo ikawa bure kote. Wana 03 ambazo hazina mji lakini unakatwa kama unapiga namba ya kawaida na bando linakubali. Halafu wana 084 na 087, hizo bei imegawanywa, kipande cha mtandao wako na kipande cha mwenye namba, na mwenye namba LAZIMA aandike bei yake kwenye tangazo. Na tangu Juni 2014 mtu akishakuuzia kitu haruhusiwi kukupa namba ya gharama ya juu ya kulalamikia. Kwetu unapiga kulalamika bando limeliwa, unasubirishwa na muziki wee.

EDIT: Naona wengi mnaniambia nirudi 07 yangu. Nimesharudi, staika mpya ziko kwa fundi. Na 07 tangu Machi 2017 unaweza kuhama nayo mtandao, ukikwazwa unaondoka na namba yako. Ile 0800 nimeuliza nikiacha kulipa inakuwaje, wakanijibu kwa ufupi "inarudi kwetu bosi". Na matangazo yangu yote yakiwa mitaani, atakayepewa namba hiyo kesho akiwa naye anauza gesi je?

EDIT 2: mkuu uliyesema unauza 0900 bora, hapana asante, hizo ndo za malipo ya juu kabisa kwa mpigaji, mama wa Buguruni ataniletea mgambo.

Mwenye 0800 inayokubali mitandao yote aandike analipa shilingi ngapi kwa dakika, wanahesabu kwa sekunde au kwa dakika nzima, na mkataba unasemaje akitaka kuondoka. Andikeni hapa hapa msije pm, kuna watu wanataka kusaini wiki hii.