Majani ya mchungwa njano upande mmoja: mbolea au ugonjwa?

Mchungwa40: Wakuu, salaam. Nina michungwa 40 hapa Muheza, aliiacha marehemu baba. Tangu masika, miti 3 imeingiwa na njano ya ajabu: nusu ya jani madoa, nusu kijani. Machungwa madogo, yamepinda. Nimepasua moja, mbegu nyeusi zimesinyaa. Samadi nimeweka, yurea nimeweka, wapi! Muuza miche anasema niongeze mbolea. Nimpe tena hela?

BabuShamba: Usimpe. Kunja jani kwenye mshipa wa kati. Njano ya njaa ya mbolea hufanana pande zote mbili, yako haifanani. Hiyo inanukia griningi, ugonjwa wa michungwa na jamii yake, na mti ukishaugua hauponi. Zamani tuliihofia zaidi milimani kwenye baridi, ila mwaka 2016 aliripotiwa nchini mdudu wa Kiasia anayeisambaza, na huyo joto halimsumbui.

Mchungwa40: Nimetoka shambani na tochi ya simu. Kwenye machipukizi kuna vidudu vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mtama, vimeinua mkia juu kama vinasujudu. Na vinyuzi vyeupe kama nta.

BabuShamba: Ndiye huyo, mkao wake huo. Mwite bwana shamba achukue sampuli. Na usikate kikonyo hata kimoja cha kubebeshea miche, utausambaza ugonjwa!

MamaNdimu: Pole mdogo wangu. Mie niling'oa 5. Pulizia dawa kwanza ndipo ukate, la sivyo wanahamia kwa jirani.

Mchungwa40: Jirani mwenyewe nilishampa miche 6 mwezi wa tatu. Naenda kumgongea sasa hivi.