Miaka 11 nalipa bima ya nyumba sijawahi kudai hata senti, upepo umeezua bati naambiwa "Moshi hakuna tufani"

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili nimekaa nalo tangu Aprili. Nimeenda ofisini kwao mara sita, simu nimepiga mpaka nimechoka, kila mtu ananirusha kwa mwenzake. Leo limenifika shingoni na naandika nikiwa na hasira.

Mimi ni mama wa mitumba, soko la Memorial hapa Moshi, nyumba yangu iko Msaranga. Mwaka 2014 nilichukua mkopo benki wa kumalizia hiyo nyumba, benki wakasema lazima ikatiwe bima. Nikakata. Mkopo nikaumaliza 2018, na siku hiyo afisa wa mikopo aliniambia kwa mdomo wake, mama sasa bima ni hiari yako. Nikaendelea. Kampuni ile ile, ofisi ile ile, kila Julai, kwa sababu niliamini ukikaa na watu miaka mingi wanakujua, na wakikujua hawakutupi siku ya shida. Hivyo ndivyo ninavyoishi na wateja wangu. Mtu aliyeninunulia miaka kumi akija na nguo iliyopasuka mshono, simuulizi alinunua lini, nabadilisha.

Risiti zangu zote ninazo. Miaka mitano ya kwanza nyumba ilikuwa imekatiwa bima ya milioni 45, nilikuwa nalipa 106,200 pamoja na VAT. Mwaka 2019 wakasema thamani imepanda, tukaiweka milioni 60, nikawa nalipa 141,600. Piga hesabu, hadi Julai 2024 ni 1,380,600. Sijawahi kuchelewa hata wiki. Na sijawahi kudai. Mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyoua watu hapa Moshi, yaliniangushia ukuta wa uani mita kama nne hivi. Nikamwita fundi nikalipa mwenyewe. Nilijiambia bima ni ya jambo kubwa, nisiwasumbue kwa tofali.

Jambo kubwa likaja Aprili mwaka huu. Alhamisi, saa mbili kasoro usiku, mvua ilikuwa haijaanza. Upepo ulitokea upande wa mlimani, bati la kona likaanza kupiga kwenye papi, yaani zile mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake, pa pa pa, halafu likanyamaza, na hapo nikajua limeondoka. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu tena. Mvua ilipoanza kumwagika dari ya jipsamu ya chumbani ikatuna kama tumbo la ng'ombe, mwanangu akanivuta mkono tukatoka, ikapasuka juu ya kitanda. Asubuhi tulihesabu bati 38 zimekwenda kati ya 64. Moja tulilikuta limejikunja kwenye migomba ya jirani, hatua kama sitini kutoka kwetu, na kipande cha papi cha urefu wa mkono bado kimegandana nalo, misumari miwili imekishika.

Naomba mkikumbuke hicho kipande cha papi.

Asubuhi ile ile niliwapigia. Wakasema usiguse kitu mpaka asesa, yaani mkaguzi wa hasara, aje. Asesa alikuja siku ya tisa. Siku tisa masika ya Moshi inanyesha ndani ya nyumba, mimi na turubai la kuazima. Kijana mstaarabu, aliniamkia vizuri, ila hakupanda juu hata mara moja. Alizunguka uani akiangalia chini, akaokota msumari wa bati, akauweka kiganjani, akaugeuza, akaupiga picha mbili. Kichwa cha msumari kilikuwa na kutu. Nikamwambia huyo asesa, "Mwanangu, huo umelala kwenye tope siku tisa." Akatabasamu. Nikamletea lile bati na kipande chake cha papi, nikamwambia angalia, hapa msumari haukuachia, upepo umeng'oa bati pamoja na mbao yake, sasa kutu imehusikaje? Hakukipiga picha.

Wakaomba barua ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nikaihangaikia, nikaipata. Imeandikwa wazi kwamba jioni ile kulikuwa na mvua ya radi iliyoambatana na upepo mkali. Nikapeleka pamoja na makadirio ya fundi: bati, papi, kofia za paa, mbao mbili za kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), jipsamu ya vyumba vitatu, nyaya za umeme na ufundi, jumla 7,850,000.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Sababu mbili. Ya kwanza, uchakavu, ndiyo ule msumari. Ya pili, upepo uliotokea "haukufikia kiwango cha tufani wala kimbunga". Nilipokwenda kuuliza, afisa wa madai akaniambia mbele ya wateja wengine, "Mama, Moshi hakuna tufani. Hapa siyo Florida."

Hilo neno ndilo limenileta hapa.

Mkataba wenyewe ni kurasa 19 za Kiingereza, maandishi madogo. Mwanangu amekaa nao usiku mzima akanitafsiria. Kwenye ukurasa wa majanga yanayolipwa imeandikwa moto, radi, dhoruba, tufani, kimbunga, mafuriko. Hakuna mahali popote penye kipimo cha upepo. Hakuna kilomita kwa saa wala kusema lazima mji mzima uezuliwe. Hicho "kiwango" wamekitoa wapi? Na neno dhoruba, ambalo ni la kwanza katika majanga ya upepo, kwenye barua yao wamelirukaje?

Hebu tulitazame hilo la kimbunga. Kimbunga kinapata nguvu kutoka bahari yenye joto, kikigusa nchi kavu kinaanza kufa. Hidaya ya Mei 2024 ilitikisa Mafia na pwani, kisha ikafifia. Zanzibar mwaka 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu. Hayo ni mambo ya baharini. Ili upepo uitwe hurikeni kule Atlantiki unatakiwa ufike kilomita 119 kwa saa na ubaki hapo, siyo upige mara moja upite. Hapa chini ya Kilimanjaro hilo halitakuja, mimi najua, afisa anajua, na aliyeniuzia mkataba 2014 alijua. Sasa kama upepo wa Moshi haulipwi mpaka uwe kimbunga, na kimbunga hakifiki Moshi, miaka 11 mlikuwa mnachukua hela yangu ya upepo kwa ajili ya upepo gani? Ilibidi mniambie siku ya kwanza, mama, sehemu hii ya upepo kwako haina kazi, tuiondoe tukupunguzie.

Na kwa kuwa ameitaja Florida, nina mdogo wangu Fort Myers, Florida. Hurikeni Ian ilipopiga pale Septemba 2022 ilimtoa paa kama langu. Naye alikuwa mteja wa miaka tisa kwenye kampuni moja. Nisiseme kule ni peponi, bima za nyumba kule ni msiba. Baada ya hurikeni Andrew ya 1992 kampuni 11 zilifilisika, na mwaka 2002 jimbo likalazimika kuwa na kampuni yake ya umma, Citizens, ya kuwachukua wanaokataliwa kwingine. Mdogo wangu naye yuko huko sasa, kwa sababu kampuni yake ya miaka tisa ilimwandikia kwamba hawatahuisha bima yake tena. Uaminifu wake haukumsaidia kitu, alilia kwenye simu kama ninavyolia mimi.

Lakini sheria ilimsaidia. Kule nyumba ikiharibiwa na hurikeni, kampuni hairuhusiwi kukufutia wala kukataa kuhuisha mpaka zipite siku 90 baada ya matengenezo kukamilika. Ekses ya hurikeni, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, kwa kawaida imeandikwa kwa asilimia kwenye mkataba, 2 au 5 au 10 ya thamani ambayo nyumba imekatiwa bima, unaijua kabla upepo haujaja. Nyumba iliyokatiwa bima ya dola 300,000 kwa asilimia 2, unajua dola 6,000 ni zako. Inauma, lakini unaijua. Na kama hiyo ni hurikeni au siyo, anayetangaza ni kituo cha taifa cha vimbunga kule Miami, siyo kijana mwenye msumari kiganjani. Tena ukifunga kenchi zako kwenye ukuta kwa vyuma vya kuzuia upepo, sheria inailazimisha kampuni ikupunguzie ada. Mimi mwaka 2021 fundi alinifungia kenchi kwa mikanda ya chuma, nikapeleka picha ofisini, wakaniambia asante mama. Asante tu. Na mikanda hiyo ndiyo iliyofanya kenchi zibaki, la sivyo leo wangekuwa wanadaiwa paa zima.

Nirudi kwa hawa wa kwetu, maana bado sijamaliza.

Pamoja na barua ya kukataa waliniwekea karatasi nyingine ya laki sita na arobaini, 640,000, wanaiita malipo ya hisani. Hisani! Mimi sijaenda kuomba sadaka. Ili niipate nisaini dischaji vocha, yaani hati ya kufunga madai, na kwenye hiyo vocha kuna mstari unaosema nimeridhika kabisa na sitadai tena chochote kuhusu tukio hilo. Aliyenipa aliweka kidole pale pa kusaini, hakuweka kidole kwenye ule mstari. Sijasaini. Ndugu zangu, mkipewa hiyo karatasi msisaini kaunta hata kama njaa inauma, chukueni nendeni nayo nyumbani, isomeni.

Halafu Juni ikaingia meseji: "Mteja wetu mpendwa, asante kwa uaminifu wako." Chini yake ada mpya. Kutoka 141,600 imekuwa 247,800. Nikapiga simu kuuliza imekuwaje, nikajibiwa kwamba eneo langu sasa linahesabika kuwa hatarishi kwa upepo. Someni tena hapo wakuu. Kwenye madai yangu hakuna upepo, kwenye ada yangu upepo upo. Mdomo mmoja, mwezi mmoja.

Na kabla sijapoa, jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, barabara hiyo hiyo ya vumbi, thamani hiyo hiyo ya milioni 60, amekata bima kwao Juni hiyo hiyo kama mteja mpya. 127,440. Ameniletea risiti nimeiona kwa macho yangu. Yaani mgeni anapunguziwa na mwenyeji wa miaka 11 anaongezewa karibu mara mbili, mtaa ni mmoja na upepo ni mmoja. Uingereza walishalipiga marufuku hili. Tangu Januari 1, 2022, bima ya nyumba na ya gari, kampuni haitakiwi kumtoza anayehuisha zaidi ya ambavyo ingemtoza mteja mpya aliye sawa naye. Walikuta watu wanaokaa na kampuni moja ndio wanaokamuliwa, kwa sababu kampuni zinajua hawahami. Hicho ndicho walichonifanyia. Walijua mama huyu wa Memorial hahami.

Najua kuna atakayeniambia mama umelipa milioni moja na kitu unataka karibu nane, hiyo ni biashara gani. Hiyo ndiyo biashara ya bima. Miaka 11 hela yangu imewalipa walioungua nyumba na walioibiwa, na sikulalamika, kwa makubaliano kwamba zamu yangu ikifika watu wengine watanibeba. Zamu yangu imefika.

Paa nimeshaezeka. Nimekopa milioni sita kwenye kikundi chetu cha VICOBA na bado chumba kimoja hakina dari. Nimeandika malalamiko TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ofisi ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, na nakala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kijana mmoja wa sheria amenielekeza niandike pia kwamba neno lenye utata kwenye mkataba hutafsiriwa dhidi ya aliyeliandika, na mkataba huu hata herufi moja sikuandika mimi.

Ninachoomba kwenu, hasa wa Moshi, Arusha, Hai na Same: kama mmewahi kukataliwa madai ya upepo kwa sababu hii ya "kiwango", wekeni hapa maneno yenyewe yaliyoandikwa kwenye barua yenu, futeni majina na namba zenu. Nataka nikienda niende na barua zaidi ya moja.

Jumatatu napanda gari ya saa 12 asubuhi kwenda Arusha. Risiti 11 ziko kwenye bahasha, barua ya hali ya hewa ipo, vocha ambayo haijasainiwa ipo. Na lile bati fundi amelikatia kipande kinachoingia kwenye mfuko, na ile papi yake, na misumari yake miwili bado imeshika.